Makisio ya wawekezaji: kununua hisa ya simu kwa biashara ambayo bado haipo

Anayenunua hisa ya kampuni ya simu hulipia vitu viwili kwa bei moja. Kwanza ni biashara iliyopo: wateja, minara, bando zinazouzwa kila siku na faida iliyokwisha kutangazwa. Pili ni biashara ambayo haijazaliwa, ile anayoamini kampuni itaianzisha mwakani au miaka mitano ijayo. Hiyo ya pili ndiyo huitwa makisio ya wawekezaji: mtu anasoma mwelekeo wa kampuni, anakadiria mkakati wake, kisha ananunua au kuuza kabla matokeo hayajaingia kwenye vitabu vya hesabu.

Mfanyabiashara wa Marikiti hapa Mombasa anayejaza tende stoo kabla ya Ramadhani naye anakisia. Ila yeye ana hakika kwamba Ramadhani itafika. Mwenye hisa hana hakika hata kama mkakati anaoukisia umewahi kujadiliwa na wakurugenzi.

Mfano mzito ni Qualcomm, kampuni ya San Diego, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1985. Ilijijengea jina kwa CDMA, teknolojia inayoziwezesha simu nyingi kutumia masafa yaleyale kwa wakati mmoja, kila moja ikitambulika kwa msimbo wake. Mwaka 1999 iliuzia Ericsson kitengo chake cha mitambo ya mtandao, na kabla mwaka haujaisha ikakubaliana na Kyocera ya Japani kuiuzia kitengo cha kutengeneza simu. Ukitazama juujuu utasema kampuni inauza vyombo vya nyumba. Wawekezaji walisoma jingine: ikishaacha kushindana na watengenezaji wa simu, itawauzia chipu na kuwatoza ada za hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na kila simu ya CDMA itakayouzwa, haidhuru imeundwa na nani, itailetea chochote.

Walisoma sawasawa. Chipu na hataza ndivyo vilivyokuja kuibeba kampuni hiyo. Lakini bei ya hisa ilipanda zaidi ya mara 20 ndani ya mwaka 1999 peke yake, na aliyenunua siku za mwisho za mwaka huo alingoja karibu miaka 20 kuiona bei ile tena. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na naomba msomaji apashike: mkakati waweza kuwa mzuri, makisio yako yakawa ya kweli, na bado ukapata hasara, kwa sababu wenzako walikwisha kuulipia mkakati huo kabla yako, tena kwa bei ya juu.

Kwetu Kenya, mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa. Nchi nzima watu walipanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo. Siku ya kwanza sokoni, mwezi Juni, bei ilipita shilingi 7. Haikufika mwaka ikawa chini ya 3. Na M-Pesa, huduma yake ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa ikizidi kukua muda wote huo. Aliyekopa hakuwa na nafasi ya kungoja, maana mkopo una tarehe zake.

Ethiopia ilileta makisio ya namna nyingine. Mwaka 2021 muungano unaoongozwa na Safaricom ulipata leseni huko kwa dola milioni 850, na mwaka huohuo hisa ikapita shilingi 40. Leseni ile haikuwa na huduma ya kutuma pesa kwa simu. Walionunua wakitarajia kwamba serikali ya huko italegeza msimamo hawakukosea, kwani M-Pesa ilianza Ethiopia mwaka 2023. Ila kujenga mtandao mpya kulimeza fedha nyingi, riba ikapanda Marekani, wawekezaji wa nje wakaziuza hisa zao Nairobi, na mwaka huohuo wa 2023 bei ikashuka chini ya shilingi 15.

Kwa hiyo ukisikia barazani kwamba kampuni fulani "ina mpango mkubwa", muulize msemaji habari ameitoa wapi. Ikiwa ni tangazo rasmi, jua kwamba soko zima limelisoma. Ikiwa ni hitimisho lake mwenyewe kutokana na hesabu, leseni na matumizi ya kampuni, hayo ndiyo makisio halali, na anaweza kukuonyesha njia aliyopitia. Ikiwa ameambiwa na mtu wa ndani jambo ambalo halijatangazwa, kulifanyia biashara ni kosa chini ya sheria ya masoko ya mitaji ya Kenya, hata kama yeye si mfanyakazi wa kampuni hiyo.

Safaricom hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 31 Machi na kutoa matokeo Mei, kisha ya nusu mwaka Novemba. Kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi ikiona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi, kanuni zinaitaka itoe onyo hadharani mapema. Karatasi hizo husomwa bure mtandaoni, na tetesi yoyote ya mkakati yaweza kupimwa kwa kutazama fedha za kuutekeleza zitatoka fungu gani.