Yai la kuchemsha

Mama mmoja kutoka upande wa Chamwino alikuja kliniki peke yake, mgonjwa kamwacha nyumbani. Hakusema mwanawe amechanganyikiwa. Alisema: "Daktari, mwanangu hali chakula changu. Anakula mayai ya kuchemsha tu, tena lazima amenye mwenyewe." Tangu lini? Wiki ya tatu sasa. Na usingizi? Usiku anakaa mlangoni, redio kaizima, anasikiliza. Kijana ana miaka 19 (nimebadilisha mambo madogo asitambulike), anaoga, na wageni anawaamkia vizuri.

Ndani ya ganda la yai hapajaguswa na mkono wa mtu. Kijana aliamini anawekewa sumu, na mama alishaugundua ugonjwa kabla ya sisi wataalamu.

Saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aamini au asikie mambo ambayo wengine hawayaoni wala kuyasikia, huanza hivyo. Wengi husubiri mtu avue nguo stendi au aokote makopo ndipo waseme anaumwa, kumbe hapo ameshaumwa siku nyingi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, ndiyo maana hufichwa na mambo ya ujana: masomo yanaporomoka, marafiki anawakwepa, ananong'ona peke yake, anahisi mtangazaji wa redio anamsema yeye. Dalili moja haitoshi. Mimi huuliza: huyu ndiye yule wa mwaka jana?

Nyumbani watasema karogwa, ana majini, ni bangi, malaria imempanda kichwani. Sibishani nao. Malaria kali huchanganya mtu kweli, kwa hiyo tunapima, pamoja na VVU na kaswende, na tunauliza habari za kifafa. Mwenye homa, au aliyebadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Bangi nayo huongeza hatari, hasa kwa aliyeianza mapema na anayevuta sana. Wanaotaka maombi waombe. Ninachowasihi ni wasimfunge kamba. Alama za mikononi hufutika, lakini imani yake kwa waliomfunga hairudi upesi, na kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Nilipoanza kazi niliwahi kumwambia binti mmoja kwamba sauti anazosikia hazipo. Akanyamaza, na kwa miezi miwili hakunieleza tena chochote. Masikio yake yalizisikia, nami nilimwita mwongo. Siku hizi husema: "Mdogo wangu, mimi sizisikii, ila naona zinakuchosha. Zinakwambia nini?" Zikimwamuru ajidhuru au adhuru mtu, asiachwe peke yake, na safari ya hospitali isingoje kesho.

Halafu kuna jina. Mirembe, hospitali yetu ya taifa ya afya ya akili, iko hapa hapa Dodoma, na nchi nzima jina lake limegeuzwa tusi. Kijana aliyekua akilisikia uwanjani hawezi kupanda gari ukimwambia anapelekwa huko. Usimdanganye kwamba mnaenda kwa shangazi, maana ndicho anachokihofia, kufanyiwa hila. Anza na kinachomtesa yeye. Kituo cha afya au hospitali ya wilaya wanaweza kumwona kwanza na kumwandikia rufaa ikihitajika.

Yule mama nilimwambia aende akamwambie: "Mwanangu, hulali. Twende tukatafute dawa ya usingizi wako." Kijana alikuja siku ya nne, akakaa karibu na mlango, nami nikauacha wazi. Tulianza na olanzapini, dawa ya saikosisi, kwa dozi ndogo. Nilimweleza mama kwamba mwanawe atasinzia na njaa itamzidi, na kwamba akiona lolote la kumtisha arudi tubadilishe, asiache dawa kimyakimya. Hata akipata nafuu tutaendelea mwaka mmoja au zaidi.

Wiki ya sita mama akanipigia simu. Kijana alikuwa amekula ugali kwa mlenda, sahani moja na wadogo zake.