Wanga haumeng'enywi na asidi ya tumbo

Wengi huamini kwamba ugali ukishafika kwenye mfuko wa chakula, asidi ndiyo inayougeuza kuwa glukosi. Sivyo. Asidi hiyo huizima amilesi, kimeng'enya cha mate kilichoanza kuvunja wanga mdomoni (ile iliyojificha katikati ya tonge huendelea kidogo kabla haijafikiwa).

Tafuna muhogo wa kuchemsha bila kumeza upesi. Utamu unaojitokeza ni wa maltosi hasa: glukosi mbili zilizoshikana.

Kazi kubwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Kongosho humwaga amilesi yake humo, kisha maltesi na vimeng'enya vingine vilivyojishikiza kwenye ukuta wa utumbo hutenganisha glukosi, nayo hufyonzwa kuingia damuni.