Je, wajua? Kijana wa Erzurum anafikaje mashindano ya dunia ya kalingi

Kalingi ni ule mchezo wa kuteleza na kuachia jiwe zito juu ya barafu, huku wachezaji wawili wakilitangulia na kusugua njia kwa brashi. Kwa miaka mingi mashindano yake ya dunia yalikuwa ya Wakanada, Waskoti, Waswidi, Waswisi na wengine wachache. Uturuki haikuwamo kabisa katika mashindano ya timu za wanawake wala za wanaume. Mwaka 2023 ikaingia pande zote mbili kwa mara ya kwanza: wanawake walicheza Sandviken, Uswidi, nahodha wao akiwa Dilşat Yıldız, na wanaume wakacheza Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Uğurcan Karagöz. Yıldız amezaliwa mwaka 1996. Wakati anazaliwa, kwao Erzurum hapakuwa na mahali hata pamoja pa kuuchezea mchezo huo.

Sasa mtu hujiuliza: nchi isiyo na babu wala bibi aliyewahi kushika jiwe la kalingi inapataje mchezaji wa kiwango cha dunia ndani ya miaka kumi na kidogo?

Tuanze na mji. Watu wengi wakisikia Uturuki hufikiria ufukwe na jua la Antalya. Erzurum iko mashariki ya nchi, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Palandöken, na baridi yake ni kali kweli. Ila baridi ya nje haimzai mchezaji wa kalingi. Barafu ya mchezo huu hutengenezwa ndani ya ukumbi, na bila ukumbi hakuna mchezo, hata theluji ikifika magotini. Erzurum ilipata ukumbi wake kwa sababu mwaka 2011 ilikuwa mwenyeji wa michezo ya majira ya baridi ya vyuo vikuu vya dunia. Michezo ilimalizika Februari, wageni wakaondoka, ukumbi ukabaki. Aprili 2012 yakafanyika humo mashindano ya dunia ya kalingi ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke, na Uswisi ikatwaa ubingwa. Mwaka 2017 vijana wa Ulaya nao walikuja Erzurum kwa tamasha lao la Olimpiki ya majira ya baridi, kalingi ikiwa mojawapo ya michezo.

Yıldız, mtoto wa mji huohuo, alikuwa na miaka 14 michezo ya vyuo ilipofika. Miaka 14 ni umri mzuri sana kuanza kalingi: mwili una nguvu ya kusukuma, na goti bado linakunjika bila kulalamika.

Sasa twende kwenye barafu yenyewe, maana kipaji cha mchezaji hupimwa hapo. Njia moja ya kuchezea ina urefu wa karibu mita 45 na upana usiozidi mita 5. Kila mwisho wa njia umechorwa duara kubwa lenye kipenyo cha mita 3.66, nalo huitwa nyumba. Jiwe ni la matale, yaani graniti, na uzito wake hauruhusiwi kuzidi kilo 19.96. Ukitaka kuuelewa uzito huo, beba ndoo ya lita 20 iliyojaa maji mpaka ukingoni. Mawe ya mashindano makubwa hutokana na matale ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Uskoti, kwa kuwa matale yale hayanywi maji kirahisi. Jiwe linalofyonza maji hupasuka pindi maji yanapoganda ndani yake.

Barafu ya kalingi si laini kama kioo, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Ingekuwa laini, jiwe lingeishia njiani. Fundi wa barafu hubeba tangi mgongoni lenye maji ya moto yaliyosafishwa, kisha hutembea kinyumenyume akiyanyunyiza kwa kuyumbisha mkono kushoto na kulia. Matone huganda papo hapo na kuwa vipele vidogo. Sehemu ya chini ya jiwe imechimbwa katikati, kwa hiyo jiwe halilali lote. Linakaa juu ya pete nyembamba yenye upana wa milimita chache, nayo pete inapita juu ya vipele. Kadiri mechi inavyoendelea vipele husagika. Katikati ya njia, ambako mawe mengi yamepita, huanza kuwa na kasi, na pembeni hubaki pazito. Mchezaji asiyeliona hilo ataachia jiwe lilelile alilopata nalo alama katika raundi ya 2, na katika raundi ya 7 litapitiliza nyumba nzima.

Kuachia jiwe huonekana rahisi ukiwa mbele ya televisheni. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kulia huingia kwenye kikanyagio cha mpira kilichofungwa barafuni, na kiatu cha kushoto kina soli ya kuteleza. Kwanza hulipindua jiwe na kupangusa chini yake. Wanaoanza huipuuza hatua hii, na ndiyo inayowaponza: unywele mmoja au uzi wa brashi ukinasa chini ya pete, jiwe hugeuka ghafla, na hakuna msuguaji wa kulirudisha. Halafu hulivuta jiwe nyuma kidogo, mguu wa kuteleza ukifuata, kisha hujisukuma kwa mguu wa kulia na kwenda nalo akiwa amechuchumaa, kifua kikikaribia goti. Nguvu hutoka mguuni. Mkono hushika mpini tu, ukiwa umeuelekeza kama mshale wa saa kwenye 10 au 2, na wakati wa kuachia huurudisha taratibu kwenye 12. Mzunguko huo mdogo ndio unaolipindisha jiwe. Kwa kawaida jiwe huzunguka mara mbili hadi nne tu katika safari yake yote, na laweza kukunja njia kwa mita moja au zaidi.

Kosa la vijana wengi ni kulisukuma jiwe kwa mkono dakika ya mwisho, kwa kuona kasi haitoshi. Hapo wanaharibu vitu viwili kwa mpigo: kasi inazidi, na mwelekeo unahama. Kosa lingine ni kusahau kulizungusha. Jiwe lisilozunguka halina adabu. Litapotelea kushoto au kulia kwa kufuata kila kipele kinachokutana nalo. Pia kuna mstari ambao mchezaji lazima awe ameshaliachia jiwe kabla halijaufikia. Katika mashindano makubwa mpini una kihisi cha umeme: taa ya kijani ikiwaka, mambo safi, nyekundu ikiwaka, jiwe linaondolewa.

Hata sababu ya jiwe kupinda bado inawashughulisha wanafizikia. Ukitelezesha glasi juu ya meza huku ikizunguka kufuata mwendo wa saa, itapinda kushoto. Jiwe la kalingi hufanya kinyume: likizunguka kufuata mwendo wa saa, linapinda kulia. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walieleza kwamba ukingo wa mbele wa pete huchora mikwaruzo midogo juu ya vipele, na ukingo wa nyuma hujaribu kuifuata mikwaruzo hiyo. Wengine hawajakubaliana nao hadi leo.

Kusugua nako kuna hesabu yake. Brashi hupasha moto kidogo uso wa barafu, msuguano hupungua, jiwe huenda mbali zaidi na kupinda kwake hupungua. Wasuguaji hodari wanaweza kuliongezea jiwe mita 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Hawawezi kulipunguzia kasi. Ndiyo maana makocha husema ni heri jiwe lipungue kidogo kuliko lizidi. Mchezaji mwingine hushika saa na kupima sekunde jiwe linazotumia baina ya mistari miwili ya mwanzo. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde huonekana wazi mwishoni mwa njia, jiwe likitua mbele au nyuma ya pale lilipokusudiwa.

Timu ina wachezaji wanne, na kila mmoja huachia mawe mawili katika kila raundi. Nafasi hizi ndizo daraja za kazi ya kijana. Wa kwanza huweka mawe ya ulinzi mbele ya nyumba na husugua mawe sita yanayofuata, kwa hiyo hufanya kazi ngumu ya mwili kuliko wote. Wa pili hung'oa mawe ya wapinzani. Wa tatu hucheza mapigo magumu na kushauriana na nahodha. Wa nne, ambaye mara nyingi ndiye nahodha, huachia mawe mawili ya mwisho. Timu yenye jiwe la mwisho kabisa katika raundi wachezaji husema ina nyundo. Wenye nyundo hutafuta alama 2 au zaidi. Wakiona watapata moja tu, mara nyingi huamua kuitupa raundi bila alama ili nyundo ibaki mikononi mwao.

Yupo pia wa tano, wa akiba, ambaye watazamaji hawamjui. Vijana wengi huionja timu ya taifa kwa mara ya kwanza katika nafasi hii. Jioni, baada ya mechi, wa akiba hurudi barafuni kuyapima mawe yatakayotumika kesho yake, mawili mawili, akiandika lipi linakunja zaidi na lipi linakwenda moja kwa moja. Mawe 16 ya njia moja hayafanani kabisa, hata kama yametoka kiwanda kimoja. Nahodha hupanga nani atumie lipi kwa kufuata daftari hilo, na akiandika vibaya, timu nzima itaumia asubuhi.

Ngazi ya mashindano huanza na vijana. Anaruhusiwa asiyetimiza miaka 21 kufikia tarehe 30 Juni kabla ya msimu. Kwa hiyo aliyezaliwa Septemba hupata msimu mmoja zaidi kuliko aliyezaliwa Mei ya mwaka huohuo, na msimu mmoja katika umri huo ni mechi nyingi sana. Nchi ambazo hazimo katika mashindano makuu ya dunia ya vijana huanzia daraja la pili, na wanaofanya vizuri hupanda.

Ngazi ya watu wazima kwa Uturuki hupitia mashindano ya Ulaya. Daraja A lina timu 10 na chini yake kuna B. Timu mbili za mkiani mwa A hushuka. Zinazoshika nafasi za juu hupata tiketi ya dunia. Timu ya Yıldız ilikuwa na Öznur Polat, İclal Karaman na Berfin Şengül. Kabla ya Sandviken, wanawake wa Uturuki walikuwa wameshapita kwenye tanuri moja: Desemba 2021, Leeuwarden, Uholanzi, mechi za mwisho za kuwania Olimpiki ya Beijing. Timu 9 ziligombea nafasi 3, na Uturuki haikupata. Walioipata ni pamoja na Uingereza na Japani, na miezi miwili baadaye hao hao wawili wakakutana katika fainali ya Beijing. Waturuki walikuwa wamekaa barafu moja na mabingwa wa Olimpiki, na ndani ya mwaka mmoja wakajipatia tiketi ya dunia.

Mashindano ya dunia yenyewe huchosha. Timu ni 13, kila moja hukutana na nyingine zote, maana yake mechi 12 kabla ya mtoano, na sita za juu ndizo zinazoendelea. Mechi ina raundi 10, na kila timu hupewa dakika 38 za kufikiri kwa mechi nzima. Saa hukimbia mkiwa mnajadiliana, husimama jiwe likiwa njiani. Timu changa huzimaliza dakika hizo raundi za mwanzo, kisha nahodha hulazimika kuamua jiwe la raundi ya 10 kwa haraka, wakati ambao ndio hasa alihitaji utulivu. Na akiligusa jiwe linalotembea kwa bahati mbaya, kwa mguu au kwa brashi, anatakiwa aseme mwenyewe. Katika kalingi mtu hasubiri filimbi.

Wanawake wa Uturuki walirudi mashindano ya dunia mwaka 2024 huko Sydney, mkoani Nova Scotia, Kanada, na tena 2025 huko Uijeongbu, Korea Kusini. Miaka hiyo miwili ilikuwa na uzito wa pekee. Kwa Olimpiki ya 2026 nchini Italia, nafasi zilikuwa 10: mwenyeji alichukua moja, 7 zikagawiwa kwa alama za mashindano ya dunia ya 2024 na 2025 zikijumlishwa, na 2 zikabaki kugombewa katika mechi za mwisho za kufuzu.