Picha ya nafsi ni nini?

Picha ya nafsi ni ile ambayo aliyeipiga ndiye huyohuyo anayeonekana ndani yake. Selfi nayo imo humo, ila hapa nazungumzia ile inayopigwa kwa kupangwa: mavazi, mwanga, mkao wa mwili, vyote vimefikiriwa.

Mfano ninaoupenda ni Samuel Fosso, aliyezaliwa Kamerun mwaka 1962. Alifungua studio mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, akiwa na miaka 13 tu. Mchana aliwapiga wateja. Jioni, mkanda ukibakiwa na picha chache, alijipiga mwenyewe, akamtumia bibi yake Nigeria aone kuwa mjukuu ni mzima. Sisi wa Newala hilo hatufundishwi. Picha za wajomba waliokwenda Dar es Salaam zilimfikia bibi yangu zikiwa na maandishi nyuma: "Pokea picha hii iwe ukumbusho." Kijana mwenye afya zake, na tayari anaomba akumbukwe!

Baadaye kazi ya Fosso ikawa nzito. Mwaka 1997 jirani yake, ambaye pia alikuwa rafiki yake, aliuawa na watu wenye silaha mjini Bangui. Mwaka 2000 Fosso aliurudia usiku ule mbele ya kamera, chumbani, akiutumia mwili wake mwenyewe. Anayeonekana ni Fosso. Anayekumbukwa ni mwingine. Mwaka 2008 akavaa sura za Nkrumah, Lumumba na Malcolm X. Ndiyo maana neno "nafsi" hapa lisichukuliwe kama kujipenda. Nafsi moja inaweza kubeba za waliotangulia.

Kwa Mmakonde jambo hili si geni. Kijana akivaa kinyago cha lipiko, kichwa chote kikafunikwa, wanaomtazama hawamwiti kwa jina lake; mbele yao kuna mzimu umekuja kucheza. Vinyago vya zamani vilichongwa hata chale za usoni, na vya wanawake vikawekewa ndonya, kile kipande cha mti kinachovaliwa mdomoni, alama ambazo leo unaziona kwa wazee wachache.

Ila ngoma ikiisha, kinyago huvuliwa na mzimu huondoka. Picha haivuliwi. Ya mjomba bado iko ukutani Newala. Yeye tulishamzika, na bibi pia.