Mwezi-mtu, mistari ya msimbo na tija: kazi ya mwanaprogramu hupimwaje?

Mwezi-mtu ni kipimo cha kazi anayoifanya mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Mradi ukikadiriwa miezi-mtu 12, mtu mmoja ataumaliza kwa mwaka, watu 3 wataumaliza kwa miezi 4, na watu 12 kwa mwezi mmoja tu. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwenye kuchimba mtaro inakaribia ukweli, lakini kwenye kutengeneza programu haifiki mbali.

Hapa kuna maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Juhudi ni kile kinachoingia kazini: saa, siku, miezi-mtu. Tija ni kiasi kinachopatikana kwa juhudi hiyo. Juhudi ina saa na kalenda za kuipimia, japo hata hapo mtu aliyekodolea skrini macho kutwa nzima huenda ndiye aliyefikiri zaidi. Ugumu mkubwa uko kwenye kinachopatikana. Fundi anayefyatua matofali utamhesabia matofali. Mwanaprogramu umhesabie nini?

Jibu la zamani kabisa ni mistari ya msimbo, yaani ya maandishi ya programu yenyewe. Linavutia kwa sababu kompyuta yenyewe inaihesabu kwa sekunde moja. Ila kazi ileile mmoja ataiandika kwa mistari 400, na mwenzake ataimaliza kwa 60 kwa kutumia maktaba, yaani msimbo ulio tayari, iliyokwisha andikwa na wengine. Kwa kipimo hiki, yule wa kwanza ndiye hodari. Na timu ikihamia lugha inayosema mengi kwa maneno machache, tija yake “inaporomoka” siku hiyohiyo. Mwaka 1988 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alisema kwamba mistari hiyo ingefaa kuhesabiwa kama iliyotumika, yaani iandikwe upande wa gharama.

Kuna kisa kilichosimuliwa na Andy Hertzfeld wa Apple. Mwanzoni mwa 1982, wasimamizi wa mradi wa kompyuta ya Lisa waliwataka wahandisi wajaze fomu kila wiki, wakitaja idadi ya mistari waliyoandika. Wiki hizo mmoja wao, Bill Atkinson, alikuwa ameandika upya sehemu ya programu yake ya michoro, ikawa na kasi karibu mara 6 ya awali, na mistari kama 2,000 ikapungua. Kwenye fomu akajaza -2000. Baada ya wiki chache wakaacha kumdai fomu.

Mwaka 1979 Allan Albrecht wa IBM alipendekeza kuipima programu kwa nje, kwa jicho la mtumiaji: inapokea taarifa za aina ngapi, inatoa zipi, inajibu maulizo mangapi, inatunza mafaili gani. Kila kipengele kinapewa uzito wake. Jumla yake haitegemei lugha iliyotumika, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hesabu ngumu iliyojificha ndani ya kitufe kimoja haionekani vizuri kwa kipimo hiki.

Miaka miwili baadaye Barry Boehm akatoa kielelezo cha COCOMO cha kukadiria juhudi. Kwa miradi midogo, inayofanywa na timu iliyoizoea kazi, unachukua maelfu ya mistari, unayapandisha kwa kipeo cha 1.05, kisha unazidisha kwa 2.4. Mistari 10,000 inakupa miezi-mtu 27 hivi. Mistari 100,000 inakupa kama 302. Ukubwa umeongezeka mara 10, juhudi imezidi mara 11. (Mistari hiyo utaijuaje kabla hujaiandika? Unaikadiria, kisha unakadiria juu ya makadirio.)

Ziada hiyo inatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwenye kuelewana. Watu 3 wana njia 3 za kuzungumza wawiliwawili. Watu 12 wana njia 66. Ndiyo maana Fred Brooks, aliyeusimamia mradi wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi: wageni wanahitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni walewale waliolemewa.

Siku hizi timu nyingi hukadiria kwa alama: kazi hii ni 2, ile ni 5, kwa kuzilinganisha zenyewe. Ndani ya timu moja zinasaidia. Bosi akianza kushindanisha timu mbili kwa alama, kazi ya 2 itaitwa 5 kabla mwezi haujaisha, na sioni haja ya kumlaumu mtu.

Vipimo ninavyoviamini kidogo zaidi haviangalii mtu mmoja kabisa. Vinauliza timu inapeleka mabadiliko kwa watumiaji mara ngapi, badiliko linachukua muda gani tangu liandikwe hadi lifike, ni sehemu gani ya mabadiliko inayoleta hitilafu, na huduma ikianguka inarudi baada ya muda gani. Kudanganya vyote vinne kwa pamoja ni kazi, kwani anayekimbilia kasi ataonekana kwenye hitilafu. Bado timu inaweza kufaulu kwa vyote hivyo huku ikipeleka, kila siku na bila kosa, kitufe ambacho hakuna mtumiaji anayekibonyeza.