Dawa za Protini Zinazolenga Saratani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Dawa inayolenga saratani humfaa kila mwenye saratani." Sivyo. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni kingamwili, yaani protini ya kinga, inayonasa kwenye kipokezi cha HER2 peke yake, protini iliyo juu ya seli na inayoiambia ikue. Saratani za matiti zenye kipokezi hicho kwa wingi kupita kiasi ni kama asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo kipande cha uvimbe hupimwa kwanza kwa rangi inayoonyesha HER2 na kupewa alama kuanzia 0 hadi 3+ kulingana na wingi wake. Alama 3+ ni chanya. Alama 2+ bado si jibu; lazima nakala za jeni la HER2 zihesabiwe kwa FISH, kipimo kinachozifanya zing'ae chini ya hadubini.

Makosa huanza hata kabla ya maabara. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye formalini, kimiminika cha kukihifadhi, ndani ya saa 1 tangu kikatwe, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikiachwa mezani, protini zake huanza kuharibika, rangi ya kipimo hufifia, na mgonjwa aliyestahili dawa huandikiwa "hasi". Linauma kosa hili, maana majibu yakishaingia kwenye faili ni nadra mtu kuyarudia.

"Dripu yoyote inafaa." Hapana. Protini hii hufanya kazi ikiwa imejikunja kwa umbo lake. Chupa ya miligramu 150 huongezwa mililita 7.2 za maji ya sindano, huzungushwa taratibu bila kutikiswa, kisha huachwa itulie kama dakika 5. Ikitikiswa hutoa povu jingi. Baadaye huchanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kwenye glukosi protini hugandamana. Chupa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kamwe isigandishwe.

"Kwa kuwa inalenga, haina madhara." Misuli ya moyo nayo ina HER2. Moyo hupimwa kwa eko, picha ya mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza, halafu kila baada ya miezi 3, na hatari huongezeka kwa aliyetumia doksorubisini, dawa nyingine ya saratani inayoweza kudhuru moyo.

"Trastuzumab emtansine ni ileile trastuzumab." La hasha! Hiyo imebebeshwa sumu ya kuua seli. Dozi yake ni miligramu 3.6 kwa kilo kila wiki 3, ilhali trastuzumab ya kawaida huanza na 8 na kuendelea na 6. Zikibadilishana, mgonjwa anaweza kufa. Anayetayarisha dripu asome jina lote kwenye chupa, na mwenzake alisome tena.