Kaunta ya posta: hapo ndipo safari ya kifurushi chako inapoamuliwa

Kifurushi kikichelewa au kikipotea, wengi hudhani kimeharibikiwa njiani: kwenye ndege, kwenye basi la usiku, au mikononi mwa mtu asiyejulikana huko mbele. Sisi tunaoshughulikia malalamiko ya wateja wa posta, mara nyingi tukilifuata shauri hadi chanzo chake tunajikuta tumerudi palepale kaunta. Anwani iliandikwa nusu. Fomu ya forodha ilijazwa neno moja tu, "zawadi". Mteja alichagua huduma ya bei ndogo na hakuna aliyemweleza kwamba haina ufuatiliaji. Au risiti ilitupwa kabla hata hajafika kituo cha daladala. Haya yote hutokea ndani ya dakika chache, na yote yanaweza kuzuilika.

Tuanze na aina ya huduma, maana hapa ndipo palipo na kutoelewana kwingi. Barua ya kawaida, barua ya rejista, kifurushi na EMS (huduma ya posta ya haraka) hazitofautiani kwa kasi na bei peke yake. Zinatofautiana zaidi kwa kumbukumbu. Barua ya kawaida inabandikwa stempu, inagongwa muhuri, inaingia kwenye mfuko pamoja na nyingine. Haina namba, na anayeipokea hasaini popote. Ikipotea, hakuna pa kuanzia kuitafuta. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja au pasipoti haifai kabisa kutumwa hivyo, hata kama mtumaji ana haraka na mfuko umekauka. Barua ya rejista, kifurushi na EMS hupewa namba tangu mwanzo, na kila mkono unaopokea unawajibika kwa namba hiyo.

Hapa nasema wazi: kumweleza mteja tofauti hii ni wajibu wa mhudumu wa kaunta. Mteja anayesema "nipe ya bei nafuu" hajasema kwamba hataki kujua barua yake ilipo. Mhudumu akiuliza ndani kuna nini na kama mteja angependa aifuatilie, ameshaepusha nusu ya ugomvi wa baadaye. Asipouliza, muulize wewe.

Sasa itazame ile namba kwenye risiti. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, ndio unaoweka muundo wake, na unafanana nchi zote wanachama: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili. Chukua namba ya mfano RR 123 456 785 TZ. Herufi ya kwanza inataja huduma: R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi. Herufi mbili za mwisho ni nchi ambako mzigo ulitumwa, siyo unakokwenda. Wateja wengi wanaopokea mizigo kutoka nje huchanganyikiwa hapo.

Tarakimu ya tisa ndiyo inayonipendeza zaidi, kwa sababu ni mlinzi. Tarakimu nane za mwanzo huzidishwa kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kila moja kwa zamu yake, kisha majibu hujumlishwa. Katika mfano wetu jumla ni 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5, na ndiyo tarakimu ya mwisho. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Ukikosea tarakimu moja wakati wa kuandika, karibu kila mara hesabu inagoma na mfumo unakuambia namba hiyo haipo. Kwa hiyo ukiona jibu la namna hiyo usikate tamaa. Soma upya risiti, ukiangalia hasa 1 na 7, 0 na 6. Na piga picha risiti kwa simu siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi ya mashine hufifia upesi, hasa ikikaa kwenye pochi au ikipigwa na jua.

Kuna jambo jingine ambalo huwatia watu hofu bila sababu: ukimya. Umefuatilia, umeona mzigo umeondoka Dar es Salaam, kisha siku zinapita hakuna taarifa mpya. Kifurushi chako wakati huo kimo ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri pamoja na vingine, na kinachosomwa njiani ni lebo ya mfuko. Kifurushi chenyewe hakisomwi tena mpaka mfuko ufunguliwe nchi ya pili. Ukimya wa safarini ni wa kawaida. Ukimya unaopaswa kukushtua ni ule unaoendelea muda mrefu baada ya kuonyeshwa kwamba kimefika nchi ya pili.

Fomu ya forodha inahitaji utulivu kuliko watu wanavyoipa. Barua yenye maandishi tu haihitaji fomu hiyo, lakini kitu chochote chenye bidhaa kinachovuka mpaka kinaihitaji, na tangu Januari 2021 taarifa zake zinatakiwa zitangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujafika. Yaani unachoandika kwa kalamu huingizwa kwenye kompyuta na kusomwa na maofisa wa nchi ya pili wakati mzigo uko bado hewani. Mazungumzo ya kaunta mara nyingi huwa hivi:

"Shikamoo mama. Ndani ya boksi mna nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni vitu vya binti yangu tu, yuko Uingereza."

"Vitu gani, mama? Nahitaji niviandike kimojakimoja."

"Khanga, majani ya chai, na kuna kinyama kidogo nimekikausha mwenyewe."

Mhudumu mzuri hapo anasimama. Khanga haina tatizo: andika "khanga za pamba, doti 3", uzito na thamani yake halisi. Majani ya chai, gramu 500, vilevile. Nyama itatolewa huko na kuteketezwa, kwa sababu Uingereza hairuhusu kutumiwa nyama wala bidhaa za maziwa kutoka huku kwetu, na boksi zima linaweza kushikiliwa kwa ajili yake. Mama huyu akiambiwa mapema, atarudi nyumbani na nyama yake na binti atapata khanga zake. Akiachwa aandike "vitu vya nyumbani", hasara ni ya wote wawili. Ndiyo sababu tunawaomba watu wasije na boksi lililokwisha zungushiwa solotepu kila upande. Lilete wazi, tulione, kisha ulifunge mbele yetu.

Usipunguze thamani ili mpokeaji asilipe kodi. Kifurushi kikipotea, thamani uliyoitangaza ndiyo itakayoangaliwa wakati wa kudai fidia.

Vitu visivyopokelewa ni vingi, lakini vinavyotukuta kila mara ni vichache: manukato na kopo za kupulizia, viberiti, fataki, pawabenki au betri ya lithiamu iliyo peke yake, na noti za fedha zilizofichwa ndani ya bahasha. Betri na manukato ni hatari ya moto ndani ya ndege, na mashine za ukaguzi huvibaini. Tofauti na hivyo, kuna neema moja ambayo watu wengi hawaijui. Maandishi ya nukta nundu na vifaa vya wasioona, hadi kilo 7, vina msamaha wa ada ya msingi ya posta kwa kanuni za kimataifa. Mwalimu au mzazi anayetuma vitabu hivyo aulize kaunta, asilipe kwa kutojua.

Anwani nayo. Kwa miaka mingi barua zetu zimekwenda kwenye sanduku, siyo mlangoni, na hadi leo wengi hutumia SLP ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya mwajiri. Hilo halina ubaya, ila jina la mpokeaji liandikwe kamili, likifuatiwa na "kwa kupitia" na jina la taasisi, na namba ya simu ya mpokeaji iwekwe. Bahasha iliyoandikwa "Juma, SLP" ya shule yenye wanafunzi mia kadhaa hukaa juu ya meza ya mhasibu mpaka ivae vumbi. Mwenye sanduku lake akumbuke ada ya mwaka, kwa sababu sanduku lisilolipiwa hufungwa na barua za watu hukwama.

Tangu kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara ina jina kwenye kibao. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili inakuleta mkoani, ya tatu wilayani, na mbili za mwisho ni kata. Kivukoni, Dar es Salaam, kwa mfano, ni 11101. Ukiagiza kitu mtandaoni na fomu ikakudai postikodi, usijaze sifuri tano. Ulizia ya kata yako kwenye ofisi ya posta au ofisi ya kata.

Siku ya kupokea, njoo na kitambulisho. Ukimtuma mtu, mpe barua yenye saini yako, nakala ya kitambulisho chako, naye abebe chake. Na kabla hujasaini, kikague kifurushi. Kama kimelowa, kimechanika au uzito umepungua, sema hapohapo na iandikwe. Ukisaini bila kutoa angalizo, umekubali kwamba kimefika salama, na kudai baadaye kunakuwa kugumu sana.

Jihadhari na ujumbe wa simu unaosema mzigo wako umekwama na unatakiwa kubonyeza kiungo ulipie kiasi kidogo. Hao ni matapeli wanaotafuta taarifa za kadi yako. Usibonyeze. Chukua namba ya mzigo, nenda ofisi ya posta au piga simu iliyoandikwa kwenye risiti yako. Kodi ya forodha hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, haitumwi kwenye namba binafsi ya mtu.

Na mambo yakiharibika, lalamika, tena mapema. Kwa mizigo ya kimataifa mtumaji ana miezi 6, kuanzia siku inayofuata ile aliyotuma, kufungua ombi la kutafutiwa. Baada ya hapo mlango umefungwa. Njoo na risiti, nakala ya fomu ya forodha na maelezo ya vilivyokuwemo. Fidia ya rejista na kifurushi inahusu kupotea, kuibwa au kuharibika, na ina kikomo. Faida uliyoikosa kwa sababu mzigo haukufika haifidiwi. Kama kitu ni cha thamani kubwa, ulizia bima siku ya kutuma.

Daima dai namba ya lalamiko lako na jina la ofisa aliyelipokea. Anza na ofisi uliyotumia, kisha meneja wa posta wa mkoa. Usiporidhika na majibu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayosimamia watoa huduma wote wa posta, wakiwemo wasafirishaji binafsi wa vifurushi, na inapokea malalamiko ya mwananchi yeyote mwenye vielelezo.